Habari Iliyonipeleka Mnyuzi

Jirani yangu wa Ngamiani alifiwa na kaka yake, na siku ya arobaini ilipokaribia akaniita uani kwake. Alikuwa amesikia kwamba nakwenda Korogwe kwa shughuli zangu, akaniuliza kama safari yangu haiwezi kupinda kidogo ipitie Mnyuzi, anakoishi dada yao mkubwa. Yule dada aliupata msiba kwa simu siku ile ile ya kifo, lakini miguu haimruhusu tena kupanda basi, na maziko yakapita bila yeye.

"Simu ilimwambia kafa," jirani akasema. "Haikumwambia alivyokufa. Nenda mwanangu ukamweleze, maana na wewe ulikuwapo."

Nilikuwapo kweli. Nyumba zetu zinagusana ukuta, na usiku ule tulikuwa sisi wa ukuta mmoja tuliomshika mgonjwa. Akanifungia doti ya kanga, tende kidogo, na bahasha yenye fedha ya gari, kama mkubwa angeweza kuletwa kwenye hitima. Kisha akanikalisha tena mkekani akaanza kunifundisha la kusema. Nianze na wazima. Nifuatishe waliozaliwa na waliopona. Ndipo niingie kwenye msiba, na nisisahau kwamba marehemu aliomba maji akanywa, kwamba alitamka shahada kwa ulimi wake, na kwamba deni lake la dukani limelipwa lote. Hilo la deni alilirudia mpaka nikalijibu kwa sauti.

Sisi watu wa Tanga tunasifiwa ukarimu na tunasemwa umbea. Nimeishi Ngamiani muda wa kutosha kuamini kwamba ni tabia moja yenye majina mawili. Mitaa yetu imepewa namba tu, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea mpaka zaidi ya ishirini, lakini hakuna mtu anayemwelekeza mgeni kwa namba pekee. Atamwambia: ile nyumba ambayo binti yao ameolewa Pemba, ile ambayo mzee wao katoka hospitali juzi. Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, na barazani kwetu bado tunajuana kwa magonjwa, harusi na madeni.

Asubuhi nikaenda stendi ya Kange. Anayetaka kujua mkoa wa Tanga unavyoongea na akae pale saa moja tu kabla gari halijaondoka. Konda wa gari langu alipokea dawa ya mtu wa Hale, mfuko wa ng'onda wa mtu wa Muheza, chaji ya simu, bahasha mbili, na ufunguo. Ufunguo huo mwenyewe aliusahau Tanga na mlango wake uko Korogwe. Kila mzigo uliandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na hapakuwa na risiti hata moja. Konda alivipanga vyote karibu na miguu ya dereva, akamwambia kila aliyeleta, "Usiwe na wasiwasi mama, atakipata." Sikuona mtu aliyeuliza mara ya pili.

Barabara ya kwenda Segera ni kilomita sabini na kitu, lami tupu, na haina la kunichelewesha hapa. Pongwe kwenye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji, Muheza kwenye machungwa, halafu minazi inaanza kupungua na mkonge unaanza. Kilichonikaa ni maongezi ya ndani ya gari. Mama mmoja alikuwa akitoka kumuuguza mtoto wa dada yake katika hospitali ya mkoa, Bombo. Hajafika Pongwe, kiti cha mbele na cha nyuma wote tulikwisha kujua mtoto ana nini, kaongezewa damu mara ngapi, na daktari kasema nini. Hajafika Muheza, abiria mmoja tusiyemjua kampa namba ya shemeji yake anayefanya kazi wodini, na mwingine kamtia shilingi elfu mbili mkononi akageuza uso dirishani ili asishukuriwe. Hakuna aliyeona kwamba mama yule anatangaza mambo ya ndani. Alikuwa na mzigo, akautua palipokuwa na watu wa kuuchukua.

Hale nikashuka. Jina hili watu wengi wa nchi hii wanalijua kwa umeme, kwa sababu hapa maji ya Mto Pangani yanazungusha mitambo ya megawati 21 tangu mwaka 1964. Wenyeji wanalijua zaidi kwa mkonge. Mashamba yanaanza nyuma ya maduka na kupanda vilima kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Nikapata bodaboda, kijana mpole aliyeniuliza kwanza nakwenda kwa nani kabla ya kuniuliza nalipa ngapi. Nilipomtajia yule bibi kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama anavyoitwa na kila mtu, akajibu, "Aa, wewe ndiye wa msiba wa Tanga." Nikajua kwamba nimetanguliwa.

Njia ya vumbi inakwenda na milima ya Usambara Mashariki upande wa kulia, myeusi kwa misitu, na bonde la mto upande wa kushoto. Kijana yule ana spika ndogo aliyoifunga mbele ya pikipiki. Mchana hubeba abiria, na kijijini kukitokea kifo, mtoto kupotea, ng'ombe kuibwa au chanjo kufika zahanati, huitwa azunguke vitongojini atangaze. Nilimuuliza analipwa nini kwa matangazo ya vifo. Akapunguza mwendo ili nimsikie vizuri. Kifo hakilipiwi, akasema, kwa kifo watu humtilia mafuta tu.

Zamani ilikuwa baragumu, na wahenga wakatuachia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baadaye ikawa redio. Waliozidi miaka arobaini wanakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, nyumba nzima ikinyamaza, mtangazaji akisoma kwa utaratibu jina la marehemu, mahali alipofia, halafu orodha ya wanaopewa habari popote walipo: kaka yuko Tabora, mjomba yuko Mnyuzi kambini, shangazi yuko Lindi. Watu wasiomjua marehemu walisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa huenda jina la jirani likatajwa na yeye hana redio. Aliyesikia alivaa viatu akaenda kumwambia mwenzake. Sehemu ya mwisho ya tangazo ilifanywa kwa miguu na mtu ambaye hakuagizwa na yeyote.

Mnyuzi ni kata ya Wilaya ya Korogwe, na mzizi wake ni reli. Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, ikalala miaka kadhaa, ikaingia Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Baada ya uhuru ikaongezwa reli ya kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, iliyofunguliwa mwaka 1963. Inaachana na njia ya zamani katika mitaa hii ya Mnyuzi na Mruazi, inaelekea kusini kupita Mto Wami mpaka Ruvu, karibu kilomita 188. Kabla ya hapo hapakuwa na njia ya garimoshi kati ya Tanga na Dar es Salaam. Treni za abiria zilisimama katika miaka ya 1990 na zikakaa zaidi ya miaka ishirini. Desemba 2019 treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ikarudi, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Arusha. Hupita mitaa hii usiku, na waliolala wanaijua kwa mngurumo.

Bibi alikuwa amekaa barazani, kanga mbili mwilini, miguu ameinyoosha juu ya mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watokako hawajambo? Njiani salama?"

Nikajibu yote, na yeye hakuniuliza la msiba. Akaagiza maji. Akaagiza nipelekwe nikanawe. Jirani wa kwanza akaja na kibakuli cha mbaazi za nazi, wa pili na bada iliyofunikwa, wa tatu mikono mitupu lakini akaenda moja kwa moja jikoni kuchochea moto. Mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa akafika na kiti chake mwenyewe. Nilihesabu uani watu wazima wasiopungua kumi, na bado hakuna aliyeuliza kitu. Wenyeji wa huku ni Wabondei, Wasambaa na Wazigua, watu wa asili moja ya Seuta ambao lugha zao zinaingiliana, na wote wana adabu hiyo: mgeni mwenye habari hulishwa kwanza. Mwenye njaa hukata maneno.

Nilipokwisha kunawa mikono baada ya chakula, bibi akasema, "Haya. Nipe habari."

Nikaanza na wazima kama nilivyofundishwa. Uani kote walikuwa wakiitikia, aha, alhamdulilahi, aha. Nilipoingia kwenye msiba mwitikio ukanyamaza. Nikaeleza usiku ule tangu homa ilipopanda, nani alikwenda kutafuta gari, nani alishika kichwa, saa ngapi aliomba maji. Bibi hakutoa chozi. Aliuliza maswali mfululizo: Nani alimwosha? Nani aliingia kaburini kumpokea? Mwanawe wa Dar aliwahi? Mjane kakaa eda nyumba ipi, na nani anampikia? Kila jibu alilirudia kwa sauti ya chini akimgeukia jirani wa kulia kwake, na jirani akalipokea kwa kichwa. Nilipofika kwenye deni la dukani, kwamba limelipwa lote na mwenye duka kasema mbele ya watu hadai kitu, bibi akafunika uso kwa kanga akalia. "Basi kaenda mwepesi," akasema. "Kaka yangu kaenda mwepesi."

Wanawake wakamwachia alie. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Baadaye yule aliyekuwa jikoni akaleta chai, na mzee mwenye kofia akaomba dua.

Nimekwenda misiba mingi, na sikuwahi kuelewa vizuri kwa nini mtu aliyekwisha kujua kwamba ndugu yake kafa anahitaji kuletewa tena habari hiyo. Uani pale nilielewa. Simu ilimletea tukio. Alichokosa ni mahali pake ndani ya tukio, na maswali yake yote yalikuwa ya kujitafutia mahali hapo: akijua nani aliosha, na yeye kaosha kidogo, akijua nani kampokea kaburini, mkono wake nao umefika. Na majirani waliosikia pamoja naye wamekuwa mashahidi. Kuanzia siku ile wao ndio watakaomkumbusha pale atakaposahau.

Habari nzito ilipokwisha, zamu yao ikafika. Sikuruhusiwa kuondoka mtupu. Nilipewa za Mnyuzi nizipeleke Ngamiani, na nilitakiwa kuzishika kwa mpangilio: mjukuu wa jirani kachaguliwa kidato cha tano Shule ya Wasichana ya Korogwe, wanachangisha godoro na sanduku; nyumba ya mama fulani imeezuliwa na upepo, vijana wameirudishia mabati kwa siku moja; pampu ya kisima imekufa, fundi kaahidi; harusi ya mtaa wa stesheni imesogezwa mbele kwa heshima ya matanga mengine; mbuzi wa mwalimu kapatikana. Hilo la mbuzi liliwachangamsha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshiriki kumtafuta.

Nikaona kwamba kila habari ilisemwa na kazi yake. Binti kachaguliwa, kwa hiyo godoro. Pampu imekufa, kwa hiyo fedha za fundi na zamu ya kwenda mtoni kwa makundi, maana Mto Pangani una mamba na watoto hawaachwi peke yao. Mtu aliyesikia na asifanye lolote anaonekana kama aliyepokea mzigo wa konda pale Kange akakaa nao nyumbani. Kijijini huku wanacho chama cha kuzikana, na mwanamke anayetunza daftari lake alinionyesha kurasa kadhaa: jina, kisha unga, kuni, maji, fedha, au neno moja tu, "alichimba." Asiyefika msibani bila udhuru hutozwa. Nilimuuliza kama kuna wanaokataa kulipa. Akasema wapo, na wakifiwa wanazikiwa vile vile, ila siku hiyo wenyewe wanaona haya, na haya hiyo ndiyo faini kubwa.

Jioni mzee mwenye kofia alinisindikiza kuelekea reli. Baba yake alikuwa Muha wa Kigoma, aliyekuja kukata mkonge, na kwa sababu ya huyo baba, mzee alikuwa na mengi ya kunieleza, nami nilisahau kabisa shughuli zangu za Korogwe.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche elfu moja ilisafirishwa kutoka Florida, ikafika Tanga hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyofunika mkoa mzima na kwingineko nchini. Wenyeji hawakutosha na wengi hawakutaka kazi ile, kwa hiyo watu walitafutwa mbali: Waha na Warundi, Wanyamwezi na Wasukuma, Wabena, Wamakonde. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kukusanya wafanyakazi iliyojulikana kama SILABU, na waliokuja kwa mikataba watu wakawaita manamba. Mtu wa Kigoma alishuka Reli ya Kati na kumalizia safari kwa lori. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi, alikata majani na kuyafunga thelathini thelathini, na fungu lisilotimia halikuhesabiwa. Singa zilizotoka kwenye korona, mashine ya kuchakata majani, zilianikwa, zikafungwa marobota, zikapakiwa kwenye mabehewa kwenda bandari ya Tanga. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalifikia kiasi cha tani 230,000. Baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa, bei ya dunia ikaanguka mbele ya kamba za plastiki, na kufikia miaka ya 1990 mavuno yalishuka hata chini ya sehemu ya kumi ya yale ya zamani. Sasa wakulima wadogo wanapanda kwenye mashamba ya zamani na bei imepata nguvu.

Hayo yameandikwa vitabuni. Mzee alinieleza yasiyoandikwa sana: manamba alipokufa ilikuwaje. Ndugu zake walikuwa mwendo wa majuma. Barua aliandika karani wa kambi au mtu aliyesoma kwa mapadri, ikaenda kwa posta hadi misheni fulani au kwa jumbe, ikasubiri mtu wa kijiji hicho apite. Majibu yalikuja baada ya mvua mbili, au hayakuja. Maiti haikuweza kusubiri. Kambi ilimzika, na waliotangulia mbele walikuwa watani. Mnyamwezi alipokufa, mtani wake wa pwani ndiye aliyechukua jembe, akachimba, akatukana kaburi kwamba ni fupi, akadai alipwe kuku na marehemu asiyejibu, watu wakacheka katikati ya kilio. Matusi yale yalikuwa haki na wajibu. Mtani alifanya ambayo ndugu angefanya, na baadaye alidaiwa na wote kukumbuka alipozikwa mtu yule na mali yake ilikwenda wapi: blanketi, sufuria, mshahara wa mwezi.

"Baba yangu aliwazika watu wa makabila tisa," mzee akaniambia. "Yeye alizikwa na Mzigua." Kisha akanionyesha kwa fimbo upande yaliko makaburi ya kambi. Mengi hayana jina. Yeye anayajua baadhi, kwa baba yake kumtembeza alipokuwa mtoto: huyu wa Kasulu, huyu wa Songea, huyu tulimwita Fundi tu. Nilimuuliza kama amewahi kumwandikia mtu majina hayo. Akasema hakuna aliyemwomba.

Neno hilo lilinichoma. Reli hii ilipeleka singa mpaka Ulaya na kila robota likapimwa uzito na kuandikwa. Watu waliozikata hawakuandikwa hivyo. Majirani ndio waliobaki kuwa daftari, na daftari hilo lina pumzi, linazeeka.

Upande wa pili wa mto ni Handeni, nchi ya Wazigua, na mzee hakuniacha bila kunipa ya huko. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa au kujiuza pwani, wakapakiwa majahazini, wakauzwa hadi bonde la Mto Juba nchini Somalia. Baadhi yao walitoroka utumwani, wakajenga vijiji msituni, na wazao wao wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990, baadhi yao walishika bahari wakashuka Tanga, wakawekwa Handeni, kwanza Mkuyu na mwaka 2003 Chogo. Walipofika walizungumza na wenyeji, nao wenyeji wakawaelewa. Wengine walibaki na wakapewa uraia wa Tanzania. Mzee alisimulia hayo kama anayesimulia ndugu waliochelewa sokoni, hana mshangao. Kwake yeye ilikuwa habari ambayo ilikuwa njiani, sasa imefika.

Usiku nililala kwa bibi, kitanda cha mjukuu. Mlango haukufungwa mpaka saa nne, kwa kuwa watu waliendelea kuingia kumpa pole upya, wengine ambao walikwisha kumpa pole wakati wa simu. Walileta ubani: shilingi mia tano, elfu moja, kopo la mchele, mafungu ya mkaa. Bahasha ya jirani yangu bibi aliifungua mbele ya wote, akaihesabu kwa sauti, akasema haendi arobaini, miguu hairuhusu. Jirani wa kulia akasema atakwenda badala yake, pamoja na mzee mwenye kofia, na fedha ya gari itumike hivyo. Likakubaliwa pale pale. Watu wawili wasio wa damu yake walichaguliwa kwenda Tanga kusimama mahali pake, na hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kujadiliwa.

Katika safari zangu za vijijini mkoani humu nimeona matangazo ya serikali yakibandikwa kwenye mlango uliofungwa, kwa maandishi madogo na lugha ya sheria, hadi mvua inayafuta. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Vijiji vingi havikutani hivyo, halafu viongozi hulalamika kwamba wananchi hawaitikii. Wananchi hawa hawa wanaitikia pikipiki yenye spika ndani ya saa moja, na jembe mkononi. Wanaitikia kwa kuwa tangazo la msiba linasema nani, wapi, lini, na linamwachia kila mtu la kufanya. Mtendaji anayetaka mkutano ujae na amtafute kijana wa bodaboda, na atangaze kwa lugha ya watu: fedha za pampu zilikuwa kiasi hiki, zimekwenda huku, njooni mseme.

Asubuhi bibi alinirudishia kanga moja ya ile doti, akaniambia nimpelekee mjane, aivae kule Tanga na yeye avae nyingine huku. Akanipa pia machungwa, na orodha ya habari akaniomba niirudie mbele yake. Nilipofika kwenye mbuzi wa mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana wa bodaboda alikuwa akinisubiri, kishapata abiria mwingine na barua mbili za Hale.

Mzee mwenye kofia nilimwomba kabla ya kuondoka aniruhusu nirudi na daftari, tuzunguke naye makaburini, anitajie kila jina analolijua. Amekubali, na tumepanga baada ya hitima. Nawaomba na wengine mfanye hivyo mlipo. Kama kwenu Kigoma, Tabora, Songea au Mtwara kuna babu aliyekwenda mkonge Tanga na hakurudi, msikate tamaa kwa kuwa barua ilinyamaza. Njooni Mnyuzi, Hale, Magunga au Ngombezi, muulizie kambi za zamani, mtaje kabila lake na jina alilokuwa akiitwa kazini. Wazee wanaojua nani alimzika bado wapo, na ni wachache, kwa hiyo mwaka huu ni bora kuliko mwakani.